Jicho la Mama na Sheria za Mji wa Mawe

Mji wangu uko ndani ya mlima. Wakazi wake huukata mlima kutoka ndani, na kwa mawe wanayoyatoa hujenga nje, ubavuni mwa mlima huohuo, nyumba zilizopandana kama viota vya mbayuwayu. Kila nyumba iliyoko nje ina shimo lake ndani, na sheria ya kwanza inakataza mtu kujenga nyumba kubwa kuliko shimo lake. Maji ya huko yana ladha ya vumbi. Watoto huzaliwa na mvi. Watu huongea kwa sauti ya chini, kwa sababu wanaamini mlima umelala na ukiamka utataka vitu vyake. Mji hauna jina. Nimejaribu majina mengi na yote nimeyafuta, maana kila nililolipata lilinikumbusha kata fulani au duka la mtu ninayemjua.

Nilianza kuujenga baada ya kidato cha nne, nilipokuwa nyumbani na matokeo ambayo hayakunipeleka popote. Sikufundishwa kuandika hadithi na mtu yeyote. Nilisoma vitabu vya kuazima vilivyokosa majalada, nikasoma kwenye simu hadi macho yakauma, halafu nikajaribu. Niseme ukweli kuhusu hali yangu: mimi ni mtu wa hofu. Nikiandika sentensi naiona kasoro yake kabla sijaweka nukta. Nafuta, narudia, nafuta mpaka karatasi inatoboka. Ukurasa wa wiki nzima niliuchana mwisho wa wiki, kisha nikalala kama mtu aliyeiba. Kwa hiyo mji haukukaa kwenye karatasi. Ulikaa mdomoni, na mahali nilipousimulia palikuwa mlimani, tulipokuwa tunavunja kokoto.

Mlima wetu ni wa mawe makubwa ya kijivu, upande wa Kahama, si mbali sana na Kagongwa. Wanaume huupasua kwa moto. Wanarundika magogo na matairi mabovu juu ya mwamba, wanawasha, na moto ukishaukolea, mwamba unalia paa, unaachia vipande kama maganda. Vipande hivyo huteremshwa kwa mtalimbo mpaka chini, tulipokaa sisi wanawake. Kila mmoja ana rundo lake, nyundo yake na pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi. Jiwe unalizungushia pete ili lisiruke, unapiga, unapiga tena, mpaka liwe kokoto. Pete hiyo huzuia jiwe. Chembe haizuii.

Nilikaa kati ya mama yangu na mwanamke mmoja aliyetoka Kigoma, mcheshi, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nyuma yetu alikaa bibi mmoja aliyevunja mawe tangu mlima ulipokuwa na kilele. Hao ndio walioujua mji wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Walinidai kila asubuhi.

"Haya, tufungulie," mwanamke wa Kigoma alisema. "Jana tuliwaacha kwenye kisima."

Mdomoni huwezi kufuta. Nikikosea, nilikuwa nimekosea mbele za watu, na nyundo zilikuwa zinaendelea. Labda ndiyo sababu mji ulikua.

Kati ya sheria zote za mji, waliyoipenda zaidi niliitunga kwa sababu ya woga. Pale mlimani hapakukosa mtu mwenye jicho jeupe. Kila nilipoinua nyundo nilifumba macho yangu, na nikakosa jiwe, nikapiga kidole. Basi nikaamua kwamba katika mji wangu, mtu anayepoteza jicho kwa ajili ya jiwe hafanyi kazi tena. Anakaa kwenye lango la mji, juu ya kiti cha jiwe jeusi, na kila apitaye anamwamkia shikamoo, hata kama apitaye ni mzee kuliko yeye.

"Na hapo langoni wanakula nini?" mwanamke wa Kigoma aliuliza.

"Wanaletewa."

"Na nani?"

"Na mji mzima."

Alicheka mpaka mtoto mgongoni akashtuka. "Huo mji wako una gari? Nipandishe leo leo."

"Mwanangu akikosa kazi anatunga serikali," mama akasema, bila kuacha kupiga. Lakini niliona amefurahi. Mama hakusoma sana, na alikuwa akiusikiliza mji kama mtu anayekagua shamba la jirani, akitafuta mahali palipolimwa vibaya.

Siku chembe ilipomwingia hakupiga kelele. Alisema "Ah," polepole, kama aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Kisha nyundo ikateleza, akaweka kiganja kwenye jicho la kushoto.

Kwetu chembe haipelekwi hospitali. Chembe inatolewa kwa ulimi. Bibi wa nyuma yetu alikuwa na sifa hiyo mlima mzima. Wanaume wenyewe walishuka kumfuata. Alisukutua maji, akapiga magoti, akakishika kichwa cha mama kwa mikono miwili.

"Fungua. Fungua, ng'wanawane, mwanangu. Nimelamba macho ya majitu yenye ndevu, usinichezee wewe."

Mama akafungua. Bibi akapitisha ncha ya ulimi taratibu, kona hadi kona, akatema, akaangalia alichokitema. Palikuwa na damu kidogo.

"Imetoka," akasema.

"Umeiona, bibi?" niliuliza.

"Nimeisikia."

Mwanamke wa Kigoma akamtoa mtoto wake mgongoni, akamkamulia mama maziwa ya kifua jichoni, kama inavyofanywa. "Mwenye mali asinune," alimwambia mtoto. "Utapata mengine." Tulicheka. Mama naye alicheka, maziwa yakimtiririka shavuni. Na kwa kuwa hakusikia tena kitu kikimkwaruza, sote tuliamini chembe imetoka. Kumbe ilikuwa imekwisha kuingia ndani, mahali ambapo ulimi haufiki na maumivu ya juu hayapo.

Jicho liliwaka wekundu, likavimba, likatulia. Lilipotulia halikuona tena ila mwanga. Mama alijifunga kitambaa akarudi mlimani, na wanawake walipomwona wakasimama wote pamoja.

"Mlinzi wa lango huyo! Shikamoo!"

"Shikamoo, mama mkubwa!"

Hata bibi alisimama, akamwamkia mtu ambaye angeweza kuwa binti yake. Mama akaketi kwenye rundo lake kama malkia, akanyoosha mkono. "Marahaba, wanangu. Chakula kiko wapi?" Walicheka mpaka wachomaji wa juu wakachungulia kuona kuna nini. Mimi nilichelewa kucheka. Niliiona sheria yangu ikitembea mchana, imefungwa kitambaa cha kitenge, na haikuonekana nzuri kama ilivyosikika.

Nilimsumbua mama mpaka akakubali kwenda hospitali mjini. Daktari alimkagua kwa taa muda mrefu, kisha akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Mama, hili la kushoto limekwisha. Limepasuka ndani. Sina namna ya kulirudisha."

"Nimeshalizoea."

"Shida si hilo. Shida ni hili zima. Jicho likipasuka hivi, mwili unaweza kuligeuza adui, halafu ukaligeukia na lenzake. Huwapata watu wachache, lakini likikupata utakuwa kipofu kabisa. Nakushauri tulitoe hili bovu ili tulilinde zima. Na tusikawie, umeshakawia."

Mama alifikiri. Nilidhani anafikiria maumivu.

"Mkishalitoa, mnalipeleka wapi?"

"Linateketezwa."

"Na nani?"

"Hapa hapa hospitali, mama. Kuna watu wa kazi hiyo."

Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Asante, dokta. Tutarudi."

Hatukurudi. Njiani sikuuliza, kwa sababu nilijua. Mtu aliyekulia ukanda wetu hahitaji kuelezwa. Tangu tukiwa wadogo tumesikia yale ambayo baadhi ya waganga husemekana kuwaambia wachimbaji kuhusu viungo vya watu, na kuna watu waliozikwa chini ya zege zito si kwa heshima bali kwa ulinzi. Husemwa kuwa jicho la mtu likiwekwa mdomoni mwa duara, yaani shimo la machimbo, ndani ya chungu, huiona njia ya dhahabu kabla ya mchimbaji. Kama kuna aliyewahi kufanya hivyo, sijui. Mama aliamini kama anavyoamini kuwa mvua hutoka mawinguni.

"Jicho langu liende Geita?" alisema tulipofika nyumbani, akivua viatu. "Likamtafutie baba yako dhahabu?"

Baba alikwenda machimbo ya Geita nikiwa mdogo. Hakufa huko. Alioa.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuchosha. Niliamka mapema kumwangalia mama anavyotembea, kama anagusa ukuta. Nilimwekea kijiko mahali pasipo pake nione kama atakiona. Nilisoma kwenye simu kila kilichoandikwa kuhusu macho, na kila nilichosoma nilikisoma tena kwa kuwa niliogopa nimeruka neno. Nikaanza pia kumchukia. Ni neno baya, lakini ndilo lililokuwepo. Nilimchukia kwa kulinda jicho lililokufa na kuliacha lililo hai bila ulinzi. Mlimani wanawake waliponidai hadithi niliwaambia mji umefungwa.

"Umefungwa na nani?" mwanamke wa Kigoma aliuliza.

"Na serikali yake."

"Kweli nchi ni nchi," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mchana mmoja wa mwisho wa juma tulikuwa uani, mama ana ungo wa mchele mapajani. Alipepeta, akachagua vijiwe kwa vidole, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Kule kwako. Hao wa langoni. Macho yao yaliyotoka yanawekwa wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa na sheria ya visima, ya ndoa, ya nani apite kwanza kwenye ngazi nyembamba, na hilo sikuwa nalo. Niliona aibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Yanawekwa ukutani," nilisema. "Kila jicho lina kitundu chake kwenye ukuta wa mji, na kitundu kinazibwa kwa jiwe."

"Nani analinda ukuta?"

"Walinzi."

"Wana njaa?"

"Hapana. Wanalishwa vizuri."

"Aliyeshiba ndiye mwizi hasa. Mwenye njaa anaiba chakula tu. Sema kwingine."

"Yanazikwa chini ya nyumba ya mwenyewe."

"Akifa? Mrithi atachimba."

"Basi yanatupwa kwenye shimo la chini kabisa la mlima."

Mama akaacha kupepeta. "Shimoni si ndiko waliko wachimbaji? Umewapelekea mkononi."

Nikakasirika. Nikamwambia mji hauwezi kuwa na wezi kila mahali, ni mji wangu mimi, na sheria ikiongezwa baadaye ni ufa, nyumba nzima itaanguka. Niliyasema hayo kwa sauti ya juu kuliko ilivyopasa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mji usio na wezi ni hadithi ya watoto," akasema. "Wewe umeshakuwa mtu mzima. Tunga vizuri."

Kuku walikuja chini ya ungo, akawafukuza. Kisha nikasema:

"Wachomaji. Wale wanaopasua mwamba kwa moto. Jicho linapelekwa kwao mchana, watu wakiona, linawekwa katikati ya moto mkubwa kabla mwamba haujalia. Na mtoto wa mwenye jicho anasimama pale mpaka moto uishe."

"Mtoto anaona?"

"Anaona."

"Kinabaki nini?"

"Majivu. Nayo yanachukuliwa na upepo."

Alirudia kupepeta, taratibu, mara kadhaa, akipuliza maganda. "Hiyo nzuri," akasema. "Kwa nini hukuanza nayo?" Na baada ya kidogo: "Nenda kawaambie hospitali wafanye hivyo."

"Mama, hospitali si mji wangu."

"Nenda kawaulize tu. Mdomo unao."

Nilikwenda peke yangu. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipomfikia muuguzi mkuu wa wodi nikayasahau yote, nikamweleza hovyohovyo: jicho, machimbo, moto, mimi kusimama. Aliniangalia juu ya miwani.

"Unataka kushuhudia."

"Ndiyo, sista. Bila hivyo hatakubali."

"Huo si utaratibu."

"Najua."

Aligeuka akatazama dirishani. "Mimi ni mtu wa Ushirombo," akasema. "Najua mama yako anaogopa nini. Mlete. Nitaongea na daktari."

Jicho lilitolewa asubuhi. Kabla ya mchana mhudumu mmoja aliyevaa buti na glavu ndefu aliniita nyuma ya majengo, palipo na tanuri lenye bomba refu la moshi.

"Wewe ndiye uliyekuja kuaga jicho?"

"Ndimi."

"Basi simama hapo, usivuke mstari."

Alikuwa na mfuko mwekundu uliofungwa juu. Aliuinua nione, akafungua mlango wa tanuri, akauingiza, akafunga. Nilisikia moto ukivuma. Moshi ukapanda na harufu yake nikaitambua. Ilikuwa na kitu cha mpira ndani yake, kama mlimani. Alidhani nitaondoka. Sikuondoka. Akaenda kufanya kazi nyingine, akarudi, akanikuta.

"Dada, limekwisha hilo."

"Nisubiri majivu?"

Alitikisa kichwa, lakini moto ulipopoa alinifungulia. Palikuwa na majivu ya kijivu, si mengi, na vitu vya chuma vilivyoungua vya watu wengine.

Mama alipoamka kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Aliuliza kabla ya kuomba maji.

"Uliliona?"

Hapa ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na yeye angelala. Lakini mimi ni yule anayefuta sentensi kwa sababu ya neno moja lisilo sawa.

"Niliona mfuko ukiingia, mama. Ulikuwa umefungwa. Jicho lenyewe sikuliona. Niliona moto na niliona majivu."

Mkono wake ulipapasa shuka.

"Ulisimama mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi," akasema, na hapo ndipo alipoomba maji.

Daktari aliturudisha nyumbani na onyo. Alisema tumekawia, na kukawia hakusameheki kwa kulitoa jicho. Hatari ya lile zima imepungua, haijaisha. Mwanga ukianza kuliuma, au akiona ukungu, aje siku hiyohiyo. Dawa zipo, alisema, ila hazina subira.

Nilichukua rundo la mama mlimani, na yeye akabaki nyumbani akipika. Kila asubuhi kabla sijaondoka aliketi mlangoni, uso umeelekea mlima, akanitajia anachokiona. Ilikuwa njia yake ya kunituliza. "Tipa linapanda. Kuna mbuzi kwenye kile kichuguu. Wachomaji wamewasha, moshi ule." Na mimi niligeuka kuhakikisha, nikaona tipa, mbuzi na moshi, nikaenda kazini nikiwa na uwezo wa kupumua.

Katika siku hizo aliniagiza niwaondoe wale wa langoni. "Watoe pale. Wape nyumba, wapike, wagombane na majirani. Mimi nimechoka kuamkiwa." Niliwatoa. Nilibomoa viti vyote vya jiwe jeusi mbele ya wanawake wa mlimani, kwa mdomo wangu, na mji haukuanguka. Mwanamke wa Kigoma alilalamika kuwa nimemnyima ajira ya uzeeni.

Halafu ikaja asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Nilikuwa nimeshika nyundo na pete yangu, nasubiri nitajiwe. Mama alikuwa mlangoni, ameinamisha uso kidogo, mkono juu ya paji kama mtu anayekinga jua, ingawa jua lilikuwa bado dogo.

"Leo wamewahi," akasema. "Moshi umejaa mlima mzima."

Nikageuka. Mwamba uliolowa hauchomwi, hakuna aliyepanda. Mlima ulikuwa umeoshwa, mweusi na safi, na ningeweza kuona kila ufa kutoka pale nilipokuwa. Hapakuwa na moshi hata wa jiko.

Nilitamani sana awe sahihi. Nilitazama tena, nikatafuta walau wingu moja lililoshuka chini, niseme labda ameona lile. Sikulipata.

"Mama," nilisema, "hakuna moshi."

Hakugeuka. "Hakuna?"

"Hakuna kabisa. Mvua imenyesha usiku."

Alinyoosha mkono mbele ya uso wake, akaugeuza kiganja, akautazama upande huu na upande huu.

"Jana je?" niliuliza. "Jana ulisema kuna mbuzi."

"Jana niliwasikia."

Nilitaka kumwuliza na juzi, na siku iliyotangulia juzi, nihesabu tumepoteza nini. Mama aliinuka akishika fremu ya mlango.

"Niletee ile kanga yangu mpya," akasema. "Na hiyo nyundo iache."

Nilimletea. Alijifunga mwenyewe, vizuri, pindo kwa pindo, kisha akanishika kiwiko, na tukaenda barabarani kungoja gari la mjini.